Umeme wa kunyonga baiskeli nyumbani: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Igoma

Habari zenu. Mi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kipo Igoma, Mwanza, na tangu nifunge baiskeli ya kuchajia betri pale nyumbani haipiti siku bila mtu kusimama kuniuliza, wengine wanaleta pancha kumbe kilichowaleta ni umeme. Nimeona niyaandike yote sehemu moja ili hata aliyeko Sengerema au Ukerewe ayapate bila kulipa nauli. Hesabu nitaziweka wazi, na kitu kisichofaa nitasema hakifai, maana nimeona watu wanatupa hela kwa kufuata video za kwenye simu na inaniuma.

Hivi kweli baiskeli inaweza kuwasha nyumba nzima?

Hapana, na naomba tuanzie hapa hapa ili tusipotezeane muda. Mtu mzima wa kawaida, aliyeshiba, akinyonga kwa mwendo ambao anaweza kukaa nao saa nzima, miguu yake inatoa kama wati 75. Mwenye mazoezi anafika 100 na kidogo. Wale wa mashindano makubwa ya dunia wanaweza kukaa kwenye 300 mpaka 400 kwa saa moja, lakini hao kazi yao ndo hiyo, wanalala na kuamka nayo. Afu hizo 75 za miguuni hazifiki zote kwenye betri, tairi inakula kidogo, mota inakula, waya nazo zinakula, kwangu kinachoingia ni wati 50 hivi, na hiyo 50 ndo namba nitakayoitumia mpaka mwisho kwahiyo ishike.

Pasi ya umeme ni wati 1000. Maana yake ili unyooshe shati la kwenda nalo kanisani inabidi baiskeli 20 zinyongwe kwa pamoja muda wote unaonyoosha. Mwaka 2015 Mjerumani mmoja, Robert Förstemann, aliyechukua medali ya shaba ya baiskeli kwenye Olimpiki ya London 2012, mapaja yake kama magogo ya mninga, alinyonga kuwasha mashine ya kuchomea mkate ya wati 700. Kipande kimoja kikaiva, yeye akalala chini hoi. Umeme wote aliozalisha ulikuwa uniti 0.021.

Kwahiyo sahau pasi, jagi la umeme, hita na jiko. Hata chai. Sisi tupo juu, ziwa lenyewe lipo kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na hata kwa unafuu huo lita moja inataka karibu wati-saa 83, yani saa moja na dakika 40 za kunyonga bila kupumzika. Washa mkaa.

Wati-saa ndo kitu gani?

Chukua wati za kifaa zidisha kwa masaa utakayokitumia. Taa ya wati 5 ikiwaka masaa 4 imekula wati-saa 20. Wati-saa 1000 ndo uniti moja ile ile ya LUKU. Ukishaelewa hapo hakuna muuzaji wa kukudanganya tena, si wa sola, si wa jenereta, si wa betri.

Nikinyonga kila siku LUKU yangu itapungua?

Hili swali wananiuliza sana kina mama na nawaelewa. Jibu ni hapana. Kwa wati 50 uniti moja ni masaa 20 ya kunyonga. Bei iliyopangwa Aprili 2016, mtu wa D1 anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi ni shilingi 100 kwa uniti, wa T1, yani mtumiaji wa kawaida anayezidi hapo, shilingi 292, bado kodi na makato, na hata ukijumlisha vyote hiyo ya T1 haifiki 400. Sa upande wa mwili, mwili wa binadamu unabadilisha kama robo tu ya chakula kuwa nguvu ya kunyongea, nyingine yote ni joto na jasho. Masaa 20 hayo yanakula nguvu iliyopo kwenye kilo moja na nusu ya sembe, juu ya ugali wako wa kila siku. Nenda dukani kaulize kilo ya sembe afu linganisha na bei ya uniti.

Basi mi nimefunga ya nini? Nimefunga kwa ajili ya ule usiku ambao umeme umekata saa moja jioni, mvua imenyesha siku ya tatu na sola haijapata kitu, simu ina asilimia 4 na mtoto ana mtihani kesho asubuhi. Najua bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, mashine 9, ni kitu kikubwa na nakifurahia kama Mtanzania. Ila umeme kuwa mwingi Rufiji hakuzuii nguzo ya mtaani kwenu kuangushwa na upepo wa ziwani, na fundi akifika kesho yake mchana usiku umeshapita.

Sawa, inawasha nini hasa?

Nikupe usiku wa nyumbani kwangu. Taa 3 za LED za wati 5, masaa 4, jumla wati-saa 60. Simu janja mbili, kila moja inakula kama 25 mpaka ijae (betri ya milliampia-saa 5000 ni wati-saa 19 hivi, nyingine inapotea njiani), hapo 50. Redio wati 5 masaa 3, ni 15. Jumla 125. Betri ya risasi na asidi hairudishi kila ulichoingiza, weka 100 toa 80, kwahiyo ili nipate 125 inabidi niingize 156, ambayo ni masaa matatu na dakika chache. Mtu mmoja atachoka. Sisi tunagawana, mi saa moja na nusu nikitoka kijiweni, kijana wangu wa kidato cha tatu saa moja huku anakariri baiolojia, mama watoto anamalizia nusu saa na tunaona raha kabisa, ndo muda ambao tunaongea sana maana anayenyonga hana pa kukimbilia na waliobaki wanakaa pale kumpa kampani.

Kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, ndo kitamu zaidi, betri yake haizidi wati-saa 4 au 5, dakika 6 za kunyonga zinatosha. TV ndogo ya inchi 24 inayotumia volti 12 inakula wati 20 mpaka 30, mechi nzima inawezekana. Feni ndogo ya volti 12 sawa. Laptop inawezekana ila itamaliza akiba yako yote ya usiku. Friji hapana, usiniulize mara ya pili.

Nitumie mota gani?

Hapa ndo watu wengi wanapoharibikiwa kwahiyo nitakaa kidogo.

Mi nilianza na alternata ya gari, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Niliinunua kwa muuza chuma chakavu akaniapia nzima, na kweli ilikuwa nzima, tatizo halikuwa uzima. Alternata haina sumaku ya kudumu, ili izalishe inabidi kwanza uipe umeme wa kutengeneza sumaku ndani, ampia 3 mpaka 4, kwa volti 12 hizo ni wati 40 hivi. Umeona? Mguu unaleta 75, alternata inachukua 40 yake kwanza kabla haijakupa hata moja. Afu inataka mizunguko kama 2000 kwa dakika ndo ichangamke. Nilinyonga wiki mbili nzima, jasho linatiririka mpaka kwenye sakafu, betri haipandi, nikadhani betri ni mbovu nikanunua nyingine. Hela ya betri ya pili ilikuwa ada ya mtoto, nilikopa kwa shemeji kuirudisha. Usinunue alternata kwa kazi hii, nakusihi.

Mota ya pampu ya maji au ya feni ya ukutani, zile za umeme wa nyumbani, nazo hapana, ndani hazina sumaku.

Unachotaka ni mota ya DC, yani ya umeme wa upande mmoja kama wa betri, yenye sumaku za kudumu. Nzuri na rahisi ni ile ya volti 24 wati 250 ya zile skuta ndogo za umeme, mizunguko 2750 kwa dakika. Mota ya mashine ya kukimbilia mazoezini pia nzuri. Mota ya gurudumu la baiskeli ya umeme ni nzuri kuliko zote ila ina waya tatu, inataka dayodi 6 (dayodi ni kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) za kugeuza umeme wake kuwa wa DC. Mota ndogo za printa mbovu zinafaa kwa mtoto kujifunzia, zinawasha taa za LED basi.

Jinsi ya kupima kabla hujatoa hela: shika shafti izungushe kwa vidole, itazunguka laini. Sa gusanisha waya zake mbili, zungusha tena. Kama ina sumaku nzima utasikia imekuwa nzito ghafla kama imeshikwa na mkono wa mtu ndani. Ikibaki laini vile vile iache hapo hapo mezani. Kipimo hiki hakitaki malti mita wala ujuzi, na nimewafundisha vijana wa Mlango Mmoja wanaouza vifaa chakavu, sasa wenyewe wanawaonyesha wateja.

Na dainamo ya zamani ya Phoenix, ile ya kugusa tairi?

Ile ni volti 6, wati 3. Wazee wetu wametoka nayo Magu usiku kuja mjini, ukipunguza mwendo taa inafifia, ukishuka mlima barabara yote inang'aa. Kwa kiswaswadu inatosha, mwaka 2010 Nokia walitangaza Nairobi chaja yao ya simu ya kufunga kwenye baiskeli iliyotumia dainamo hivyo hivyo na ilianza kuchaji ukifika kilomita 6 kwa saa. Kwa simu janja utakaa juu ya siti masaa 8. Kama ndo unayo basi itumie kuwashia taa moja ya LED, ila weka dayodi 4 kwanza maana umeme wake ni wa kwenda na kurudi.

Unaifungaje kwenye baiskeli?

Phoenix yoyote iliyokaa stoo inafaa, au baiskeli ya inchi 28 ya aina nyingine. Unanyanyua tairi ya nyuma kwa stendi ya chuma, mwambie fundi wa kuchomelea atumie chuma cha pembe na miguu iwe mipana, maana mtu akinyonga anayumba na stendi nyembamba italala naye. Mota unaifunga kwenye kibao chenye bawaba ili spring iisukume kwenye tairi, na kwenye shafti unaweka rola.

Ukubwa wa rola ndo siri. Tairi yangu ina kipenyo cha sentimita 70, rola sentimita 6, kwahiyo tairi ikizunguka mara moja rola inazunguka mara 11 na zaidi. Sprokti ya mbele meno 48, nyuma 20, nikinyonga mara 60 kwa dakika tairi inafanya 144, rola inafika kama 1,680, na mota ile ya volti 24 kwa mizunguko hiyo, kwa hesabu ya karatasini tu, ni volti 14 na nusu hivi. Ndo volti ya kuchajia betri ya 12. Rola ikiwa ndogo sana volti zinapita mpaka, ikiwa kubwa sana utanyonga kama mwendawazimu na betri haipokei kitu. Kama mota yako ina namba tofauti chukua kalamu upige upya, usinakili yangu.

Tairi iwe laini, sio yenye vinundu. Wengine wanatoa tairi kabisa na kupitisha mkanda kwenye ringi moja kwa moja mpaka kwenye puli ya mota, hiyo haipotezi nguvu nyingi na haina kelele, ila inataka ringi isiyoyumba hata kidogo na ringi za baiskeli zetu zinazopita kwenye mawe ya Mabatini na Igogo unazijua mwenyewe.

Betri ikishachajiwa umeme haurudi kwenye mota?

Unarudi. Nikueleze ilivyonitokea. Siku ya kwanza mota mpya imekubali, nimenyonga saa nzima, mita inasoma vizuri, nikashuka nikaenda uani kunawa uso. Narudi nakuta tairi ya nyuma inazunguka yenyewe gizani. Pedeli zimetulia kabisa, siti tupu, friwili inalia tikitikitiki, na mama yangu mzazi amesimama mlangoni na kibatari mkononi anaangalia. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nani anaendesha?"

Ni betri. Mota ya DC ukiizungusha inatoa umeme, ukiipa umeme inazunguka, na inazunguka upande ule ule uliokuwa unanyonga, kwahiyo friwili inaachia pedeli zinabaki zimetulia. Saa nzima ya jasho langu ilikuwa inaishia hewani. Dawa yake ni dayodi moja, ya ampia 15 au zaidi, kwenye waya wa chanya kati ya mota na betri, ule mstari uliochorwa kwenye dayodi uelekee betri. Usinunue kama una paneli ya sola iliyopasuka, fungua kile kiboksi cha nyuma yake, zipo humo mbili au tatu na zinafaa.

Betri gani?

Watu wanapenda kuanza na ile ndogo ya ampia-saa 7 ya kwenye UPS kwa sababu ni ya bei nafuu. Ukinyonga wati 50 unaisukumia karibu ampia 4 na yenyewe inataka isizidi 2, itachemka na kuvimba. Anzia 18, yangu ni 40. Usiishushe chini ya nusu, betri ya risasi ikilala tupu haidumu. Ikiwa imepumzika bila mzigo, volti 12.7 imejaa, 12.2 ipo nusu, 11.8 imekwisha muache ipumzike. Betri ya gari itafanya kazi ila imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kupiga stata, ukiifanya ya kuwashia taa kila usiku haimalizi mwaka mzuri. Ya lithiamu ni nyepesi na inarudisha karibu umeme wote uliouweka, kama mfuko unaruhusu chukua hiyo, hakikisha tu ina bodi yake ya ulinzi ndani.

Kimita kidogo cha volti kifunge kwenye hendo, mbele ya macho ya anayenyonga. Ikifika 14.4 unaacha. Ukiendelea betri ya maji inaanza kuchemka na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo ikikutana na cheche inalipuka, kwahiyo betri isikae chini ya kitanda wala karibu na kibatari au jiko la mkaa. Fyuzi ya ampia 10 iwe karibu kabisa na betri, sio kule mbali kwenye taa.

Naweza kuchaji simu moja kwa moja bila betri?

Volti zinapanda na kushuka na kila mkanyago, ukiongeza kasi zinaruka, simu haitaki hivyo. Pitisha kwanza kwenye kile kibodi kidogo cha kushusha volti kuwa 5 za USB. Inawezekana, nimefanya, lakini ukisimama kunywa maji simu inaacha kuchaji. Betri katikati ndo raha.

Ninunue inveta?

Kama taa zako, redio na TV ni za volti 12 usinunue. Inveta inabadilisha 12 kuwa 230 afu chaja ya simu inashusha tena kuwa 5, kila hatua inakula chako, na inveta yenyewe hata bila kuwasha kitu inakunywa betri polepole. Umeme ulioupata kwa kunyonga usiupeleke mizunguko isiyo na sababu. Vunja mazoea ya soketi, vuta waya wako wa volti 12 peke yake mpaka sebuleni na chumba cha watoto.

Na kama tayari unayo, sikiliza vizuri: usichukue waya wenye plagi pande mbili ukachomeka inveta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba yote iwake. Umeme unaweza kutoka nyumbani kwako kurudi kwenye laini, ukafika kwenye transfoma ukapandishwa kuwa maelfu ya volti, na juu ya nguzo kuna kijana wa watu anafunga waya akijua laini imezimwa. Yule ana mama yake na watoto. Usifanye, hata kwa dakika moja.

Si bora ninunue sola tu?

Ndio, bora. Nakwambia hivyo ingawa mi nafunga hizi baiskeli. Paneli ya wati 50 kwa jua letu la Mwanza siku nzuri inakupa wati-saa 200 hivi ikiwa imekaa kimya juu ya bati, hiyo ni masaa manne ya miguu yangu. Anza na paneli. Baiskeli iweke kwenye betri ile ile moja kama msaidizi wa wiki za mawingu, kuanzia Oktoba mpaka Disemba na ile ya Machi mpaka Mei. Kwa mtu wa kupanga ambaye mwenye nyumba hataki kitu juu ya bati, au paneli ilishaibiwa mara mbili, hapo baiskeli inakuwa ndo ya kwanza kwa sababu usiku unaiingiza ndani.

Sisi wavuvi wa dagaa, inaweza kutuchajia betri za taa?

Nimeulizwa hili Mwaloni Kirumba na vijana wa Kome waliotoka kwenye karabai wakahamia taa za LED za betri, ambayo ni hatua nzuri, karabai zilikuwa zinakula mafuta kama moto wa nyika. Lakini betri ya ampia-saa 70, ukiitumia nusu tu kwa usiku mmoja, kuirudisha ni masaa 10 ya kunyonga. Mtu amevuta nyavu usiku kucha anatakiwa alale mchana, sio apande baiskeli. Wekeni paneli kambini. Baiskeli ya kambini ibaki ya simu na redio, hasa redio, maana taarifa ya upepo ziwani ni uhai.

Nikifanya biashara ya kuchajia watu simu?

Wati 50 ni simu janja mbili kwa saa. Ukitoza 500 kila moja hiyo ni 1,000 kwa saa ya jasho, na umeme ukirudi wateja wote wanaondoka. Kisiwani ambako hakuna nguzo labda, ila huko nako sola itakushinda bei. Kilicho kizuri nilichokiona ni mteja kunyonga mwenyewe: anakuja na simu yake, ananyonga nusu saa, analipa kidogo au halipi kabisa.

Usalama wa watoto na kina mama?

Pale rola inapokutana na tairi vidole vinaingia na havitoki salama. Funika na kipande cha bati, na cheni nayo ifunike. Dada au mama akipanda asivae kanga iliyolegea wala kitenge kirefu, nimeshaona kanga inavutwa na spoku na kilichomwokoa ni kwamba aliyekuwa ananyonga alishtuka akasimama. Vaa suruali ya mazoezi au dera lifunge juu ya magoti.

Siti iwe juu kiasi kwamba mguu ukiwa chini kabisa goti linabaki limekunja kidogo tu, siti ya chini ndo inaua magoti. Hapa hamna upepo wa barabarani wa kukupoza, utatoka jasho kuliko safarini, weka maji karibu na fungua dirisha. Mwenye presha au moyo aongee na daktari kwanza.

Mwanangu anataka kufanya kama mradi wa shule.

Mpe nafasi. William Kamkwamba wa Malawi alikuwa kijana aliyeacha shule kwa kukosa ada, akatengeneza kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na dainamo, akawasha taa kwao. Hapa kwetu Makoroboi pale mjini jina limetokana na mafundi waliokuwa wanatengeneza vibatari kwa mabati chakavu, kwahiyo kutengeneza mwanga kwa vitu vilivyotupwa ni kazi ya mji huu tangu zamani. Aanze na mota ya printa na taa tatu za LED, aone mwenyewe kwamba akiongeza taa pedeli inakuwa nzito. Hicho kitu mwalimu anaweza kukiandika ubaoni mara kumi, mtoto anakielewa siku goti lake linapokisikia.

Nini kinaharibika haraka?

Tairi. Angalia sakafuni chini ya rola, utaona vumbi jeusi laini kama masizi. Likiwa la kupangusa kwa kidole sawa, likiwa la kuzoa na kifagio spring imekaza sana, ilegeze. Brashi za mota zinaisha polepole, ukisikia harufu ya kuungua na cheche nyingi ndani badilisha mapema. Beringi za nyuma tia grisi kila baada ya miezi michache, baiskeli ya ndani haipati mvua lakini inazunguka masaa mengi kuliko ya barabarani.

Fundi, nikikuletea mota utanipimia?

Lete, kupima sitozi. Njoo asubuhi kabla jua halijawa kali, kijiwe kipo chini ya mti, na kama una mtoto anayependa haya mambo njoo naye, yeye ndo nitampandisha anyonge wakati mi na wewe tunasoma mita.